Herufi Mbili Zilizokula Mahindi

Palikuwa na mkulima mmoja Chepkoilel, jirani na Chuo Kikuu cha Eldoret, aliyerithi kwa babaye shilingi chache za ukoloni. Zilikuwa za mwaka 1944, zenye simba na milima, na herufi ndogo mno: SA. Dalali wa mjini alizinunua kwa bei nzuri. "Mzee," akamwambia, "ukiona shilingi yenye herufi, usiiache."

Neno likamkaa moyoni. Alipouza mahindi msimu ule, dalali yuleyule alirudi na kopo la shilingi za mwaka 1952, zote na herufi KN. Mzee aliziinua juani mojamoja, akaziona herufi, akalipa bei ya fedha. Mwaka hakuutazama.

Karo ilipodaiwa, akazipeleka kwa sonara. Sonara alisoma mwaka tu, akazirudisha. "Mzee wangu, humu hamna fedha."

Herufi zile ni alama za viwanda: SA ni Pretoria, I ni Bombay, H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote viwili vya Birmingham. Husema sarafu ilikogongwa, hazisemi imegongwa kwa madini gani. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 ilikuwa robo fedha: katika gramu 7.8, fedha haifiki gramu 2. Aunsi moja ya fedha, yaani gramu 31.1, huhitaji shilingi 16 za namna hiyo. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, ikawa shaba na nikeli.

Dalali hakuapa kwamba ni fedha. Alionyesha herufi, akanyamaza; mengine mzee alijiambia mwenyewe.

Mtego huo ungalipo. Sarafu za fedha za aunsi moja, kama Maple Leaf ya Kanada, nyingine hugongwa alama ndogo ya pekee, na bei hupanda kwa ajili yake. Mkusanyaji aipendaye atailipia. Lakini anayenunua madini huweka sarafu kwenye mizani, na mizani haipimi alama.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye kununua fedha aulize kwanza mwaka na kiwango cha fedha, kisha uzito. Alama aiulize mwisho. Na akilipa ziada kwa ajili ya alama, aihesabu kuwa gharama ya mapenzi yake. Karo ya mtoto asiitegemeze hapo.