Bei Tuliyokubaliana: Je, Ni Bei ya Haki?



Ukishuka kwenye treni ya SGR hapa Dodoma usiku, una njia mbili za kufika nyumbani. Kuna dereva wa teksi au bajaji anayekuita, "Dada, twende wapi?", mnaanza kupatana bei. Na kuna simu yako: unafungua programu kama Bolt, unaandika Kisasa au Area C, bei inatokea, unabonyeza, unasubiri.

Wengi wetu tutasema programu ni bora, na sababu tunazo. Bei unaijua kabla ya kupanda. Unaona jina la dereva na namba ya gari, na ndugu yako anaweza kufuatilia safari akiwa nyumbani. Mwanafunzi mpya wa UDOM hatozwi bei ya mgeni. Kiimani hili si jambo dogo. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza mizani ya udanganyifu, na anayepandisha bei mara tatu kwa sababu tu ni usiku na wewe hujui mji, anachezea mizani.

Sasa tugeuke tumtazame dereva. Mara nyingi gari au bajaji si mali yake. Kila siku ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo. Ana mafuta, ana bando la simu, na programu inachukua kamisheni yake. Tuseme safari ni sh 4,000 na kamisheni ni asilimia 25: sh 1,000 imeondoka, zimebaki 3,000, na hapo mafuta bado. Akikupeleka Mtumba kwenye Mji wa Serikali, huenda akarudi mjini mtupu.

Viwango hivi havikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, Uber ilisitisha huduma zake Tanzania mwezi Aprili. Mwanzoni mwa 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25, ikarejea. Ni watu wanaokaa mezani na kupanga, kwa hiyo swali la haki lina mahali pa kuulizwa.

Mtu atasema: "Lakini si dereva amekubali mwenyewe? Nani kamlazimisha?" Hoja hii ina umri mrefu. Papa Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mapatano ya hiari peke yake hayatoshi. Kuna haki iliyo juu ya mapatano: ujira umwezeshe mfanyakazi kuishi kwa heshima. Akikubali kidogo kwa sababu ya shida au hofu, amelazimishwa, hata kama alisema "sawa".

Ona jinsi fundisho hili linavyokata pande zote mbili. Mgeni aliyekubali bei ya kuumiza saa sita usiku kwa sababu hana namna, alikubali kwa shida. Dereva aliyepokea safari ndefu kwa pesa kidogo kwa sababu hesabu ya bosi haijatimia, naye alikubali kwa shida. Mazungumzo ya kijiweni yanaweza kumwonea abiria. Programu inaweza kumwonea dereva, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna aliyebishana naye.

Je, mimi abiria nahusika? Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alizungumzia mwajiri asiye wa moja kwa moja: watu, taasisi na sera zinazoathiri hali ya mfanyakazi bila wao kumwajiri. Alikuwa akifikiria hasa serikali na mifumo mikubwa, na mzigo mkubwa ni wao kweli. Lakini hata sisi tunaobonyeza simu tuna sehemu yetu, ndogo lakini halisi.

Basi tufanye nini? Kutumia programu si dhambi, na mwanafunzi aliyebakiwa na elfu tano mpaka boom liingie hadaiwi asichokuwa nacho. Lakini usifute safari wakati dereva ameshachoma mafuta kukufuata, eti umeona bodaboda ya bei chee. Akikuomba ufute ili umlipe nje ya programu, mkatalie kwa upole, maana mnavunja makubaliano na wewe unapoteza ule ulinzi wa safari kuonekana. Kama unaona bei haimtoshi na unacho, maliza safari, kisha mwongezee mkononi. Ukifika kijiweni, patana kama mtu anayejua kwamba mwenzake naye ana watoto. Na zile nyota mwishoni ni ushuhuda. Kumpa nyota moja kwa sababu ya foleni ambayo hakuisababisha ni kumshuhudia jirani yako uongo, na amri ya nane inatuhusu hata kwenye simu.

Leo ukipanda, jiulize: kama ningekuwa mimi kwenye usukani, bei hii ningeiita ya haki?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako kule Nazareti, tufundishe kumwona mtu nyuma ya bei. Uwalinde madereva wetu barabarani, na utupe sisi abiria moyo wa haki. Amina.