Maneno Baada ya Picha

Mwanangu, sogea hapa kidogo. Juzi niliwasikia wewe na wenzako mkibishana kuhusu tamthilia mnayoifuatilia. Sauti zilikuwa juu, nami nilifurahi, maana vijana wanaobishana juu ya kazi ya sanaa ni vijana walio macho. Lakini kuna jambo lilinikaa moyoni. Kila mmoja alikuwa na hukumu, na hakuna aliyeeleza alichokiona. "Kali." "Mbovu." "Haina maana." Mkamaliza hapo, mkahamia nyingine.

Usiudhike. Nataka kukuambia tu yale ambayo umri umenionyesha.

Sisi wa Bara tulikua bila televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku kwetu vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo, picha uliifuata sinema. Dar es Salaam kulikuwa na Avalon, Empress, Odeon, Empire, na ile sinema ya magari kule Msasani. Ukishatoka mlangoni, picha imekwenda zake. Hakuna kurudisha nyuma, hakuna kuitafuta kwenye simu. Kilichobaki ni maneno. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiijenga upya, huyu akikumbuka wimbo, yule akikumbuka namna adui alivyocheka. Aliyekosa nauli au tiketi alitusubiri barazani, na tulimsimulia mpaka akaijua kuliko baadhi yetu tulioingia.

Nikupe mfano wa Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975. Sisi tulikuwa na sheria yetu: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Basi mle ndani steringi wako wawili, Veeru, aliyechezwa na Dharmendra, na Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan. Wanaajiriwa wamkamate jambazi Gabbar Singh. Na Jai anakufa! Tulitoka tumenuna. Njia nzima tulisema picha imeharibika mwishoni.

Mwenzetu mmoja, mkimya, akauliza: "Ile sarafu mliiona?"

Sote tuliiona. Jai na Veeru wakishindwa kuamua jambo, Jai hurusha sarafu juu. Hata pale darajani, majambazi walipokuwa wanawafuata na ikabidi mmoja abaki nyuma kuwazuia, sarafu ndiyo iliyoamua kwamba Jai abaki. Baada ya kifo chake Veeru anaitazama na kugundua kuwa pande zake mbili zinafanana. Mwenzetu akatuambia polepole: basi Jai hakuwahi kucheza bahati nasibu. Kila mara alikuwa ameshachagua mwenyewe. Na pale darajani alichagua kufa ili rafiki yake aishi.

Tulinyamaza. Picha tuliyoiona mbovu iligeuka mbele yetu, na hakuna hata kipande kimoja kilichokuwa kimebadilika. Kilichobadilika ni macho yetu, na aliyeyabadilisha ni rafiki. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mazungumzo baada ya picha. Huendi kwa mwenzio ili umshinde. Unakwenda kuchukua yale ambayo macho yako yameyaacha.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata India kwenyewe Sholay ilianza vibaya. Wahakiki waliiponda, na wiki za mwanzo ilionekana kama hasara. Kisha watu wa kawaida walioitazama wakaanza kuwaambia jirani zao, na jirani wakawaambia wengine. Ikaonyeshwa katika jumba la Minerva, Bombay, kwa miaka mitano. Hebu fikiri, mwanangu. Hukumu ya siku ya kwanza ilitolewa na watu wenye elimu yao, na bado ilikosea. Je, hukumu yako ya dakika kumi?

Nami najua uchungu wa hukumu ya haraka, kwa sababu niliitoa. Picha zetu za Bongo zilipoanza kujaa madukani, nilizidharau. Nilisema ni za sebuleni tu, ni za kulia kwenye kochi, sauti haisikiki. Wenzangu walicheka, na kicheko chao kikanitosha. Kisha Aprili 7, 2012, Steven Kanumba, mwigizaji wa picha hizo, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Nikaona umati pale Leaders Club ukimuaga. Wake kwa waume, vijana kwa wazee, wanalia kama wamefiwa na ndugu wa damu. Nikajiuliza, watu hawa wameona nini ambacho mimi sikukiona? Jibu lilikuwa chungu. Wao walikuwa wamezitazama. Mimi sikuwa nimetazama hata moja hadi mwisho.

Nikaanza kuzitazama, kuanzia zake. Zilikuwa na kasoro, na baadhi ya zile nilizozitaja zilikuwa za kweli. Lakini niliona pia kijana aliyetoka Kaole, kundi la maigizo tuliloliona ITV, akijifunza mbele yetu kila mwaka, akitafuta waigizaji wa Nigeria wa kufanya nao kazi, akiwaonyesha watu wa Manzese na Mbagala maisha wanayoyatambua. Laiti ningeyasema hayo akiwa hai, pamoja na kasoro zake, pengine mmoja wa wenzangu angeyabeba na kuyafikisha kwa wengine. Msanii hukua kwa watu wanaomtazama kwa makini. Kicheko cha barazani hakimjengi.

Kwa hiyo nakuomba jambo la kwanza: tazama hadi mwisho. Kuhukumu picha kwa kipande cha dakika moja kilichokatwa kwenye simu ni kama kuisema pilau ya jirani kwa harufu iliyopita dirishani. Ukishindwa kufika mwisho, hiyo ni haki yako. Basi sema, "Niliishia katikati." Watu watakuheshimu kwa hilo.

La pili: eleza ulichokiona kabla ya kusema ulivyoipenda au ulivyoichukia. Taja tukio. Taja uso wa mtu fulani, taja neno alilolisema, taja wimbo ulipoingia. Ukisema "mbovu," mwenzio hana la kujibu isipokuwa "nzuri," na hapo mmeshaanza ugomvi. Ukisema "sikuamini pale mama alipomsamehe mwanawe upesi vile," sasa mna kitu mezani. Mnaweza kukigeuza, kukipima, hata kucheka pamoja.

La tatu: hakikisha maneno ni yako. Kwenye vibanda umiza vyetu, vile vya kuonyeshea video, alikuwepo Lufufu, ambaye sauti yake ilitafsiri picha za nje kwa Kiswahili. Kenya nao wana DJ Afro. Hawa ni mafundi. Lufufu hakutafsiri tu. Alieleza, aliongeza, aliwapa watu wa mbali tabia za watu wa mtaani kwetu. Nilimpenda na bado nampenda. Lakini niliona vijana wakitoka kibandani wakirudia maneno ya Lufufu, na ukiwauliza wao wenyewe wameonaje, wanakosa la kusema. Leo Lufufu wenu ni wengi zaidi, wako mkononi mwako usiku kucha. Wasikilize. Kisha funga simu, ujiulize: mimi nimeona nini?

La nne ni gumu zaidi: iulize picha inataka kufanya nini, kabla ya kuidai ifanye unachotaka wewe. Nakumbuka mlivyotazama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji hapa nyumbani. Ilitoka 2021, ikaonyeshwa hadi Toronto. Mmoja wenu alisema haiendi. Mwingine, aliyesoma riwaya ya Adam Shafi, alikasirika kwamba mengi ya kitabuni hayamo. Wote wawili mlikuwa na hoja. Lakini riwaya ina kurasa nyingi za kumfuata Yasmini tangu anaozwa mzee Raza, anakimbia, anapokelewa na Mwajuma. Filamu ina muda mfupi, na imechagua kukaa karibu na Yasmini na Denge, mwanaharakati anayewindwa na serikali ya mkoloni. Imechagua kutazama nyuso, vichochoro na kimya cha watu wasioweza kusema hadharani. Ukilijua hilo, huo mwendo wa taratibu unaweza kukuambia kitu. Na kama bado haukuridhishi, utasema kwa nini, na utakuwa na haki kamili.

Sasa kuhusu rafiki zako. Usimwage uhondo kwa ambaye hajatazama. Muulize kwanza amefika wapi. Usimcheke anayependa tamthilia za Kituruki, wala anayelia kwenye picha ya Kihindi. Kitu kinachomliza mtu kinakuonyesha alipoumia, na hiyo ni amana. Mkitofautiana, mwache amalize sentensi yake. Nimeona marafiki walioacha kusalimiana kwa sababu ya mwisho wa tamthilia, na mwaka uliofuata hakuna hata mmoja aliyekumbuka mwisho wenyewe ulikuwaje.

Hutayaweza yote kwa siku moja. Mimi yamenichukua maisha. Anza na dogo. Mkikutana tena wiki hii, kabla hujasema lako, mtafute yule ambaye hajafungua mdomo, umuulize ameona nini. Kisha umsikilize mpaka amalize.