AMANA YA KIUMBE ASIYE NA SAUTI

Watu huulizana: je, yafaa mtu kumtoa kiumbe baharini, akamtia katika chombo cha kioo nyumbani kwake, apate kumtazama na kuburudika? Swali hili laonekana dogo, walakini si dogo. Kwani katika kulijibu hudhihirika namna mtu aifahamuvyo maana ya kumiliki.

Kiumbe anayekusudiwa hapa ni yule aitwaye anemoni ya bahari. Amwonaye mara ya kwanza humdhania ua, kumbe ni mnyama, jamaa ya matumbawe na konyeza. Hana macho, wala mifupa, wala sauti. Hujishikiza mwambani, na kinywa chake kimezungukwa na minyiri yenye sumu ya kunasia chakula.

Katika jambo la kufuga, wanavyuoni hutaja khabari mbili mashuhuri. Ya kwanza ni ya mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake. Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali kilipokufa alimwuliza khabari zake kwa upole, na wengi wamechukua humo dalili ya kuwa kufuga kwajuzu. Ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie, hata akafa. Mwenye kuziweka pamoja khabari hizi ataona hazipingani. Kosa la mwanamke yule halikuwa kufunga peke yake. Lilikuwa ni kufunga na kuzuia haki. Afungaye mlango amejitwika shingoni kila kitu ambacho mfungwa angalijipatia nje yake.

Basi yapasa kuulizwa: bahari humpa anemoni nini? Anemoni wengi wa miamba ya bahari za joto, kama zile za Afrika ya Mashariki, huishi kwa nuru. Ndani ya miili yao mna vijimea visivyoonekana kwa macho, vitengenezavyo chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Mwanga ukipungua mno, au maji yakizidi joto, vijimea hivyo hupotea, naye hugeuka mweupe na kudhoofika. Chumvi yake ni kadiri ya gramu 35 katika kilo moja ya maji, na joto lake digrii 25 hata 27. Maji ya chombo yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki nyuma. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matamu yaliyo safi, si ya chumvi, ama sivyo ukali wa chumvi huzidi siku kwa siku. Taka za wanyama hugeuka sumu ya amonia, na vijidudu viiondoavyo huhitaji majuma kadhaa, pengine hata miezi, kabla ya kuenea. Basi amtiaye anemoni katika chombo kipya amemtia katika sumu. Hata dawa ya samaki yenye shaba humwua. Asiporidhika na mahali hutambaa polepole kutafuta pengine, na pampu isiyofunikwa humvuta ikamkatakata.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Paka hulia, na punda hupiga teke. Anemoni hanyamazi kwa subira. Hunyamaza kwa kuwa hana sauti. Basi mfugaji hana udhuru wa kusema kuwa hakusikia. Vipimo vyake ndivyo masikio yake, na asiyepima amejiziba masikio kwa mikono yake mwenyewe.

Mfano wa kuzingatiwa umepatikana Scotland. Mwaka 1828 Sir John Graham Dalyell alimtwaa anemoni katika pwani ya North Berwick, akamweka Edinburgh katika chombo kidogo cha kioo. Huyu alikuwa wa jinsi ya bahari za baridi, asiyehitaji joto wala nuru kali. Mashine haikuwako, palikuwa na desturi tu: kubadilishiwa maji ya bahari, na kupewa nyama ya kome kwa vipindi. Akazaa watoto kwa mamia. Dalyell alifariki mwaka 1851, na mnyama yungali hai. Akapokewa na John Fleming, kisha James M'Bain, kisha John Sadler, na mwisho Robert Lindsay. Watu wakamwita Granny, yaani Bibi. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 chomboni.

Mtu asiseme: basi chombo ni bora kuliko bahari. Bahari haikumwahidi anemoni kitu. Aliyemtwaa ndiye aliyeahidi, ijapokuwa hakutamka. Tena kumng'oa mmoja mwambani ni kuwavunjia nyumba samaki wadogo wakaao kati ya minyiri yake. Walakini baadhi ya anemoni hujigawa chomboni wakawa wawili. Na ampataye mmoja wa hao kwa mfugaji mwenziwe hakuipunguza bahari.

Jambo la kustaajabisha katika khabari ya Edinburgh si urefu wa umri peke yake, bali ni ile mikono mitano. Lau mmoja wao angalisema kuwa mnyama huyu si wake, ni wa marehemu, taabu ya wote waliotangulia ingalimwagika pamoja na maji. Kila mmoja alipokea asichokianza, akakikabidhi asichokimaliza. Hiyo ndiyo amana.

Kwa hiyo jawabu ni kwamba yafaa, kwa sharti. Anayetaka kumweka anemoni na ajiulize kwanza kama aweza kumtimizia haki zake. Kisha kama atamtimizia siku ya uvivu kama siku ya hamu. Kisha ni nani atakayebadilisha maji siku atakapokuwa yeye mwenyewe kaburini. Asiye na jibu la swali la tatu na amwache mwambani, aende kumtazama maji yakitoka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.