Ubuntu na kadi iliyonyamaza
Fundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, akiletewa laptopu ya Linux isiyoona Wi-Fi, huanza na amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya ndani. Kadi ya Wi-Fi ipo, imetajwa kwa jina. Rfkill, amri ya kuangalia kama redio imezimwa, nayo inasema haijafungwa. Na bado kimya.

Je, kitu kisichozungumza na yeyote kipo kweli?

Mara nyingi kinachokosekana ni faili ndogo ya mtengenezaji inayoiendesha kadi. Kwa kadi za zamani za Broadcom, wajitoleaji waliandika draiva ya b43 kwa kuchunguza tu zinavyofanya kazi, lakini faili hiyo haigawiwi kiholela. Hupakuliwa kwenye intaneti. Intaneti ileile inayotafutwa! Fundi huchomeka simu kwa waya wa USB, akaazima mtandao.

Kejeli iko kwenye jina. Ubuntu, mfumo wa Linux uliozinduliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, kwa Kirundi ni utu, tena ni ukarimu. Kitu cha ku buntu ni cha bure. Sasa zawadi yenye chumba kimoja kilichofungwa, yaani faili ile, ni ubuntu bado? Watu wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, walibishana kwa miaka, na mwaka 2022 wakapiga kura kuziruhusu faili za watengenezaji kwenye diski yao rasmi. Mwenye laptopu, kusema kweli, anataka barua pepe zake tu.