Je, Mzee Acheze?

Wengi hudhani kwamba mchezo ni mali ya watoto, na kwamba mzee anayecheza hujivunjia heshima. Wazo hilo halina msingi. Tangu zamani wazee wa Kiluba huketi kivulini wakicheza kisolo, wakihesabu mbegu na kutaniana, wala hakuna awachekaye. Basi yafaa kuuliza: michezo ya video, ile ya kubonyeza vitufe mbele ya kioo chenye picha, yamfaa mzee au yamdhuru?

Mifano ipo. Huko Japani Bibi Hamako Mori, aliyezaliwa mwaka 1930, aliianza michezo hiyo akiwa na miaka 51. Mwaka 2020, akiwa na miaka 90, jina lake liliandikwa katika rekodi za Guinness. Huko Marekani, tangu mchezo wa Wii Sports ulipotolewa mwaka 2006, nyumba nyingi za kutunzia wazee ziliupokea. Mzee hushika kidude, huzungusha mkono kama mwenye kuvingirisha tufe, na vigingi huanguka ndani ya kioo. Hata aliye katika kiti cha magurudumu hushindana na mwenye miguu mizima, na wenzake humshangilia.

Tena mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza habari za watu wenye miaka 60 hadi 85 waliozoezwa kwa mchezo wa kuendesha gari: uwezo wao wa kutenda mambo mawili kwa pamoja uliongezeka, na faida hiyo ilidumu miezi 6.

Lakini hiyo ni faida ya akili. Furaha ya moyo ni jambo jingine. Mtoto mmoja humpa mamaye mchezo ili wacheze pamoja. Mwingine humpa ili asimsumbue tena. Zawadi ni moja, ila makusudi hayafanani. Wa kwanza ameongeza mazungumzo nyumbani. Wa pili ameununua ukimya, akauita upendo. Mashini yaweza kumhesabia mzee alama zake. Haiwezi kumwuliza amelalaje.

Basi jibu ni hili: mzee acheze, kama apenda mwenyewe, na kama mchezo wamkutanisha na watu wala haumnyimi usingizi. Naye mtoto asimwachie mashini kazi iliyo yake. Aketi kando ya mzazi, ashike kidude cha pili, akubali kushindwa.