Kosa Moja katika Mapigo Mia Sita

Kila siku ya kazi, kabla sijafungua barua ya kwanza, hujipima. Huweka vidole vya shahada juu ya F na J, vile vitufe viwili vilivyotiwa vinundu ili asiyetazama apate mahali pa kuanzia, kisha huchapa kwa dakika moja maneno yanayopita mbele yangu kwenye skrini. Dakika ikiisha hupewa tarakimu mbili: kasi, yaani idadi ya maneno kwa dakika, na usahihi, yaani asilimia ya mapigo yaliyoangukia mahali pake. Nilipohamia Arlington, mji uliokaa kati ya Dallas na Fort Worth, kasi yangu ilikuwa 34, na matangazo ya kazi niliyokuwa nikiyasoma yalitaka 45 au 50. Nikajifundisha kwa njia ya wote: kupunguza mwendo mpaka makosa yapungue, kutotazama mikono, kurudia maneno yanayonishinda, kisha kuongeza mwendo kidogo kidogo. Leo nina 61. Ni ushamba kujivunia tarakimu kama hiyo, lakini najivunia.

Hilo “neno” linalohesabiwa, hata hivyo, si neno. Ni mapigo matano ya vitufe, nafasi ikiwemo, kipimo kilichokatwa kwa kimo cha Kiingereza. Kwa hesabu hiyo “hawatatusahaulisha”, lenye herufi 18, linakaribia kuwa maneno manne. Kwetu Tanzania tulihesabu vingine. Matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini yamedai kwa miaka mingi hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika, lugha zote mbili kwa idadi ileile. Shangazi yangu, aliyesomea uhazili Tabora, alikuwa akisema kwamba 80 za Kiingereza ni mbio, na 80 za Kiswahili ni mbio huku umejitwika mtungi.

Haya ni ya pembeni. Lililonifanya niandike ni herufi moja.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo mjini Fort Worth inayowaandikia wagonjwa barua kwa Kiswahili. Wengi wa tunaowaandikia ni familia kutoka mashariki mwa Kongo, baadhi zikiwa zimekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, au Kyangwali nchini Uganda, kabla ya kuletwa Texas. Mwaka jana nilimwandikia mzee mmoja barua ya kipimo cha tumbo. Sentensi mbili zilifuatana. Ya kwanza ilisema kwamba mgonjwa hatahitaji kulipa chochote siku hiyo. Ya pili ilipaswa kusema kwamba mgonjwa atahitaji kufunga tangu saa sita ya usiku. Vidole vyangu, vikiwa vimetoka kuandika “hatahitaji”, viliandika “hatahitaji” tena.

Mzee alikunywa chai, akala viazi, akaenda. Kipimo hakikufanyika. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki tano, na mwanawe, aliyeomba ruhusa kazini ili ampeleke, alikatwa ujira wa siku nzima. Wiki tano kwa mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo ni wiki tano za kulala na swali.

Nilipoitazama upya barua ile nilihesabu mapigo yake. Yalizidi 600. Kosa lilikuwa moja. Usahihi wangu, kwa hiyo, ulikuwa zaidi ya asilimia 99.8, alama ambayo sijawahi kuipata asubuhi yoyote ninapojipima. Mkuu wangu wa kazi, mtu mwema, alinifariji kwa hoja hiyohiyo: kosa moja tu, nani asiyekosea?

Ni kweli kwamba hakuna asiyekosea. Lakini asilimia ina tabia ya kuyafanya makosa yote yawe ndugu wa tumbo moja. Ningeandika “tumbu” badala ya “tumbo”, mzee angecheka na kufunga kama alivyoagizwa, na alama yangu ingekuwa ileile. Katika lugha yetu kukubali na kukataa vinatenganishwa na pigo moja la kidole: atakuja, hatakuja, amepona, hajapona angalau inajitahidi kujitofautisha. Kila lugha ina mitego yake, na Kiingereza hakikosi, ila programu za Kiingereza huchungulia maandishi na kumshtua mwandishi. Kompyuta yangu ya ofisini haijui Kiswahili. Barua nzima huipigia mstari mwekundu, tangu “Ndugu” hadi “Wako”, na palipo pekundu pote hakuna pa kutazama. Hata hivyo, programu inayojua Kiswahili isingenisaidia, kwa kuwa “hatahitaji” ni neno safi kabisa. Aliyeweza kuliona ni mtu anayejua kwamba kipimo cha tumbo hakifanywi kwa mtu aliyeshiba, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kosa lile halikuja kwa sababu mimi ni mchapaji duni. Lilikuja kwa sababu nimekuwa bora. Nilipokuwa na kasi ya 34 nilikuwa natafuta herufi mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Sasa vidole huliandika neno zima kwa pumzi moja, kama kinywa kinavyomalizia “amina” kabla akili haijafika. Mazoezi yale yale yaliyopunguza makosa yangu madogo yalifungua mlango wa aina hii ya kosa, ambalo ni adimu na halina sura ya kosa.

Sisemi kwamba polepole ni wema na haraka ni dhambi. Methali zetu zinaelemea upande huo, lakini anayepokea simu ya dharura usiku wa mafuriko mjini Houston na kuchapa anwani ya watu waliokwama darini hawezi kujitetea kwa methali. Kwake kuchelewa nako ni kosa, tena kosa ambalo asilimia ya usahihi hailioni.

Mkuu wangu alinipa sentensi ya Kiingereza nimtafsirie mzee. Ndani yake mlikuwa na lile neno lao moja wanalolitumia msibani na wanalolitumia pia mtu akimkanyaga mwenziwe mguu. Hapo Kiswahili kilinibana. Ningeandika “pole”, ningekuwa nimesimama kando ya mzee, nikiyatazama pamoja naye yaliyompata, kama jirani. Ningeandika “tuwie radhi”, ofisi ingekuwa ndani ya sentensi, na mimi ndani ya ofisi. Mkuu alipoelewa tofauti hiyo alipendelea “pole”. Alihofia kwamba kuomba radhi ni kukiri, na kukiri katika nchi hii kuna gharama.

Je, kulikuwa na la kukiri? Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, aliyatenga madhara ambayo hayangeweza kutarajiwa, akayaita bahati mbaya, na yale yaliyoweza kutarajiwa ingawa hayakutendwa kwa ubaya, akayaita makosa. Dhuluma akaipa mahali pake mbali na hayo mawili. Kwa mizani hiyo langu ni la kati. Sheria ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeishi nayo kwa karne nyingi, inakwenda hatua zaidi: aliyeua bila kukusudia hahesabiwi pamoja na aliyekusudia, lakini dia inabaki. Nia humwondolea mtu sehemu ya lawama, haimwondolei deni. Naye Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila uzembe wowote. Watu watamfariji dereva huyo, na ni haki wamfariji, lakini tungemshangaa kama angefarijika upesi mno. Nilipokuwa nikijiambia “asilimia 99.8”, nilikuwa nafarijika upesi mno.

Dallas ina kisa chake katika mambo haya. Bette Nesmith Graham alizaliwa huko mwaka 1924, na katika miaka ya 1950, akiwa mama anayelea mtoto peke yake, alikuwa mhazili katika benki ya Texas Bank and Trust. Hakuwa mchapaji hodari. Taipureta mpya za umeme zilikuwa na utepe ambao wino wake haukufutika bila kuchafua karatasi, hivyo kosa moja lilidai ukurasa mzima uanzwe upya. Akawaona wachoraji waliokuwa wakipamba madirisha ya benki kwa Krismasi: wakikosea hawafuti, wanapaka juu. Akatia rangi nyeupe ya maji ndani ya kichupa, akaja nayo kazini pamoja na brashi ndogo. Mwaka 1956 alianza kuiuza kwa jina la Mistake Out, baadaye Liquid Paper, mwanawe Michael na rafiki zake wakijaza vichupa nyumbani. Mwaka 1979 kampuni ya Gillette iliinunua biashara hiyo kwa dola milioni 47.5, na mwaka uliofuata akafariki.

Kabla ya utajiri huo, mwaka 1958, alifukuzwa kazi. Aliandika barua ya mwajiri wake na kwa kupitiwa akaweka mwishoni jina la kampuni yake mwenyewe. Mashine ya kupima isingemkata hata alama moja, maana kila herufi ilikuwa sahihi.

Ninachokipenda katika kile kichupa, ambacho sisi tulikijua kwa jina la tipeksi, ni kwamba kinakiri. Ukiinua karatasi kwenye mwanga unaliona doa, unajua kwamba hapa mtu alikosea, akarudi. Kitufe cha kufuta cha kompyuta hakiachi kovu, na barua ikishatumwa nacho hakina kazi.

Mpwa wangu anayeishi Houston anajifunza kuandika kumbukumbu za mahakama kwa ile mashine ndogo ambayo vitufe vyake hubanwa vingi kwa pamoja, kama kinanda. Nilimsimulia habari ya mzee. Akaniambia kwamba mtihani wao wa ushahidi ni maneno 225 kwa dakika, na anayefikisha asilimia 95 hufaulu. Nikapiga hesabu: kwa dakika tano wanaruhusiwa kupoteza maneno 56. Nikamuuliza ni nani angetaka ushahidi wake upotee kiasi hicho.

“Mjomba, hiyo ni ya kuingilia mlangoni tu,” akasema. “Kazini unasoma kumbukumbu yote upya, kisha unaandika cheti mwishoni kwamba ni sahihi, unatia sahihi na jina lako. Barua zenu huwa na jina la nani?”

Zilikuwa na jina la idara.

Nilimwandikia mzee “tuwie radhi”. Mkuu aliisoma, akanyamaza kidogo, akairuhusu. Nikaomba pia ruhusa ya kurudisha desturi ya mahazili wa zamani, waliokuwa wakiacha herufi za majina yao chini kabisa ya barua, pembeni, baada ya zile za bosi. Sasa barua zangu zinazo, na namba ya simu ya mezani kwangu.

Barua yake ya pili sikuituma kwanza. Nilimpigia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba,” akajibu. Salamu hiyo aliipata Nyarugusu.

Nikamsomea sentensi kwa sentensi, na nilipofika kwenye kufunga nilirudia mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ile ingine ilisema nisifunge, njo nikakula,” akasema. Kisha akauliza, “Ni wewe uliandika ile?”

Nikamwambia ni mimi.