Umri wa Ng'ombe na Kimya cha Muuzaji

Mnadani mnunuzi humpanua ng'ombe kinywa, akahesabu meno ya mbele ya chini. Ya juu hana. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota akikaribia miaka 2. Yakitimia 8, ana kama 4 au 5. Baada ya hapo ni kukisia tu, maana meno husagika, na malisho yenye mchanga huyamaliza upesi. Sasa, ndugu msomaji, muuzaji anayejua ng'ombe wake kazaliwa lini, akanyamaza, kadanganya? Wengi watasema, “Aa, si ana macho? Atazame mwenyewe!” Mimi sikubali. Anayenunua wa kuchinja hapunjiki sana. Lakini anayetaka maziwa na ndama? Meno yakishakoma kusema, shahidi aliyebaki ni muuzaji peke yake.